Kikohozi cha Madame

Docteur Noëlla amenipa kaye ya kurasa mia na kalamu mbili, akasema niandike habari za kazi kwa ajili ya vijana wanaoingia sasa kituoni. Kalamu ya kwanza ilikauka nikiwa bado natafuta pa kukaa. Mimi ni mutu wa nyumbani. Nikikosa kiti changu, kile cha mbao chenye mguu uliofungwa kwa mpira wa tairi, hata jina langu siliandiki sawasawa. Leo nimekaa, basi tuanze. Niiteni Papa Kambale kama mlivyozoea. Vyeo sitavitaja, maana nilipandishwa mara moja tu, juu ya bati la jiko la kituo, siku upepo wa ziwa ulipotaka kulibeba.

Kwa yule ambaye hajafika kwetu: kituo kiko upande wa Lac Vert, ukitoka mjini kwa barabara ya Sake, mahali ambapo chini ni mawe meusi ya volkano na bote mpya, hata ya mpira mgumu, haimalizi mwaka mguuni. Tunatunza sokwe, wale ambao wengi hapa wanawaita sokomutu. Wametolewa kwa watu waliowafunga kamba majumbani au waliotaka kuwauza. Nilikuwa msaidizi wa daktari wa wanyama. Nilishika miguu, niliandika uzito, nilipuliza sindano, na kitu kikipotea, mimi ndiye niliyekuwa nimekipoteza.

Siku ya kwanza nilifika na diploma yangu ya sekondari, sehemu ya mifugo, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimjua ng'ombe kuanzia pembe hadi kwato. Wakanionyesha nyama asiye na pembe wala kwato, anayejua kufungua kadena, kufuli la chuma. Kabla ya saa nne alikuwa ameshika kiatu changu cha kushoto, anakikagua ndani kama fundi, na mimi nimesimama juu ya mawe yale kwa mguu mmoja.

Aliyenirudishia kiatu ni Muzee Bahati, mtunzaji mkuu wa siku hizo, mutu wa milima ya Masisi, mwembamba, mwenye koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka. Hakucheka. Alimpa yule sokwe karanga tano, moja moja, mpaka kiatu kikatoka.

"Umeona?" akaniambia. "Hakukuiba. Alikuwa anakuuliza weye ni nani. Na weye ulijibu kwa kulalamika."

Yeye ndiye aliyenifundisha sarbakani, lile bomba refu ambalo unapuliza kwa mdomo na sindano ya usingizi inaruka. Nilifanya mazoezi kwenye shina la mgomba wiki mbili. Siku ya kupuliza kweli nilivuta pumzi nyingi mno, nikapata kizunguzungu, na sindano ikaenda kusimama kwenye bote ya Muzee Bahati. Ilikuwa tupu, namshukuru Mungu. Aliichomoa polepole, akaitazama, akasema, "Huyu amelala. Sasa tumupime uzito."

Kutoka siku ile aliniweka kwenye njia nyingine. Kila asubuhi, miezi na miezi, nilisimama mbele ya wavu na ndizi mkononi, nikigusa bega langu mpaka sokwe naye alete lake. Anayejifunza kuleta bega anachomwa kwa mkono, taratibu, bila bomba na bila kukimbizwa. Muzee Bahati alisema neno moja ambalo sikuliandika popote, na ndilo pekee nililolikumbuka vizuri: "Nyama akikupa bega yake, usimudanganye hata siku moja."

Kulikuwa pia na sheria ya mlango. Sokwe anapata karibu kila ugonjwa wetu, na mafua ambayo sisi tunayatibu kwa kulalamika yanaweza kumuua. Kwa hiyo Muzee Bahati alisimama mlangoni kila asubuhi, akamuuliza kila mmoja, mkubwa na mdogo: "Mwili unasema nini?" Kama u mzima unajibu, "Umenyamaza," unavaa bote na kashne ya kufunika pua na mdomo, unaingia. Kama unakohoa, una homa, au mutoto wako nyumbani ana surua, unasema, na unarudi kwako bila aibu.

Hebu fikirieni sheria ya namna hiyo mbele ya mutu kama mimi. Mvua ya asubuhi ikipiga bati la nyumba yetu, mtaa wa Majengo, blanketi likiwa zito, nilikuwa naamka na kikohozi tayari nimekitengeneza. Nilifika mlangoni nikiwa nimeinama. "Unasema, Muzee. Tena unasema sana."

Alinivumilia karibu msimu mzima. Halafu siku moja akaniambia mbele ya wenzangu, "Kambale, kikohozi yako inajua kalenda. Inakuyaka tu siku ya mvua." Akanirudisha nyumbani hata hivyo, kwa sababu sheria ni sheria. Siku ile nyumbani hapakuwa patamu, na sikudanganya tena kwa upande huo. Upande wa pili nitaufikia.

Madame aliletwa mwaka wangu wa pili. Alitoka kwenye nyumba moja ya mtaa wa Katindo, bado mdogo, amevalishwa gauni la maua na ameshafundishwa kunywa bia. Gauni tulimvua kwa mkasi. Bia tulimwachisha kwa uji wa soya, na jina likabaki. Ndiye sokwe wa kwanza niliyemfundisha mwenyewe kuleta bega. Alijifunza kwa siku tisa. Mimi kuendesha moto, pikipiki hizi, nimejaribu miaka mitatu, bado napandishwa nyuma.

Mara moja kwa mwaka tulifanya kontroli ya afya. Sokwe hapewi chakula tangu jioni. Asubuhi anachomwa usingizi, anabebwa kwenye blanketi, blanketi linatundikwa kwenye mizani. Unamfunika macho kwa kitambaa. Unamwangalia meno, masikio, kucha, unambonyeza tumbo. Daktari anatoa damu kwenye paja, anapitisha pamba kooni, anapiga picha ya kifua. Mwisho anachoma kipimo cha kifua kikuu, tone dogo kwenye ukingo wa kope la juu. Kwa nini kope? Kwa sababu unaweza kulisoma ukiwa nje ya wavu. Kwa siku tatu unamtazama usoni tu. Kope likivimba na kuanguka, ni shida. Likibaki wazi, unapumua. Niliwahi kuuliza kama watu nao hawawezi kupimwa hivyo. Docteur Noëlla akasema watu watakuja na sababu nyingi kabla hata ya kuchomwa.

Huyo Docteur Noëlla alikuja kwetu akiwa bado kijana, na Muzee Bahati alikuwa tayari amezikwa kwao Masisi. Hakumkuta, lakini alilikuta swali lake la mlangoni, akaendelea nalo.

Sasa upande wa pili. Mwaka wangu wa mwisho kazini, vita vilipanda Masisi na ndugu za mke wangu wakashuka. Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Tulikuwa watu kumi na tisa. Sisemi kwa kulalamika, wale ni watu wetu, na wangeenda wapi? Lakini baba mkwe alikaa kwenye kiti changu siku ya kwanza, na baba mkwe hatolewi kwenye kiti. Nilikula nimesimama. Nilisali nimesimama. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani lundi, mwanzo wa wiki, ifike niende kazini.

Basi Mungu ana utani wake, kikohozi cha kweli kikanishika wakati huohuo. Kilianza kwa moshi wa makaa ya majiko mawili ndani ya ua mmoja, au ndivyo nilivyojiambia. Asubuhi nikafika mlangoni.

"Mwili unasema nini, Papa Kambale?" Docteur Noëlla akauliza.

Nikaona wale watu kumi na tisa. Nikaona kiti. "Umenyamaza, Docteur," nikasema.

Nilisema hivyo wiki tano. Kikohozi kikinibana, nilikwenda nyuma ya stoo ya chakula, karibu na chumba cha Madame, nikavuta kashne chini, nikakohoa ndani ya kiwiko, halafu nikanywa chai ya tangawizi na asali kwenye mfuniko wa termosi. Madame alikuwa anakaa pale kwenye wavu, ananitazama kama mke anayejua. Siku moja akatoa kidole na kugonga mfuniko. Nikammiminia kidogo. Kesho yake tena. Ndugu zangu vijana, mfuniko ulikuwa uleule. Nimesoma sekondari sehemu ya mifugo, na mfuniko ulikuwa uleule.

Wa kwanza kumsikia Madame akikohoa alikuwa Chantal, anayepika uji na kukata mboga za sokwe. Alikuja ofisini na kisu bado mkononi. "Docteur, Madame anakohoa. Si mafua. Anakohoa sawa mutu muzima."

Docteur Noëlla alituita wote kwenye meza ya mizani. Akasema kontroli ya Madame itafanyika kesho, haitangoja mwezi wake. Halafu akasema yaliyobaki bila kupandisha sauti. "Nikikuta ni kifua kikuu, siwezi kumuacha na wale wenzake kumi. Na nikimutenga peke yake mpaka mwisho, atakufa kwa huzuni, mumeona vile wanakufaka. Nitamulalisha, na sitamuamusha. Sasa nauliza: nani alikohoa?"

Wenzangu walitazamana. Mimi nilianza kusoma mizani, ambayo haikuwa imebeba kitu.

"Chantal," akasema, "uliandikwa mu kaye mwezi uliopita. Grippe, mafua."

"Nilisema ku mulango, Docteur. Nilirudi kwangu siku tatu."

"Najua ulisema. Lakini ni weye peke yako niko naye mu kaye. Ubakie nyumbani mpaka majibu."

Chantal aliweka kisu mezani, akafungua aproni yake. Alipopita karibu yangu akaniambia, "Papa Kambale, umuangalilie Madame. Weye anakupenda." Nikatikisa kichwa kama mutu mwenye haki ya kutikisa kichwa.

Kesho yake asubuhi nilisimama mbele ya wavu na sindano nyuma ya mgongo. Nilikuwa nategemea Madame akatae. Nilitaka akatae. Angekimbia juu, tungetumia bomba, angenichukia kidogo, na mimi ningepumua. Nikagusa bega langu. Yeye akaja taratibu, akageuka, akalisukuma bega lake kwenye wavu mpaka nywele zikatokeza upande wangu. Nikamchoma. Neno la Muzee Bahati lilikuwa limesimama karibu nami, na koti lake la mvua.

Tulimbeba. Uzito wake haukuwa umeshuka. Niliuandika ovyo, na Docteur akaniuliza kama nimeandika saba au moja. Meno mabaya mawili. Tumbo laini. Picha ya kifua ilionyesha kivuli kidogo upande wa kulia, Docteur akaiinua dirishani, akaitazama sana, kisha akasema picha ile pekee haitoshi. Akachoma kope la kushoto. Tulimlaza kwa ubavu kwenye kizimba kidogo, nikabaki naye mpaka akaamka na kunitafuta kwa macho.

Siku ya kwanza kope lilikuwa jekundu kidogo. Siku ya pili lilikuwa limevimba, na jicho limefumba nusu. Docteur Noëlla aliandika, akapiga mstari chini ya neno mara mbili, na mstari wa namna hiyo mimi nausoma vizuri sana.

Saa sita nikarudi nyumbani. Mke wangu, Mama Zawadi, alikuwa anachambua maharagwe ya watu kumi na tisa kwenye sinia. Hakuniuliza kwa nini nimerudi mapema. Alinitazama tu, akasema, "Nani amekufa?"

Nikamweleza yote: mlango, termosi, mfuniko, Chantal. Aliendelea kuchambua.

"Unakohoa mpaka ukuta unatikisika," akasema, "na ule mulango wenu hausikie?"

"Nilijizuia."

"Ulijizuia kule kwa nyama, ukakuya kukoholea watoto wa dada yangu huku." Akatupa jiwe dogo nje ya sinia. "Kwenda useme. Ukienda saa hii, utakuta bado yuko. Na yule mwanamuke wa uji, unamuacha hivi hivi na kosa lako?"

Baba mkwe, aliyekuwa amelala kwenye kiti changu, au niliyedhani amelala, akafungua jicho moja. "Kwenda, mukwe. Kiti nitakuchungia."

Nikapanda moto mpaka Lac Vert. Docteur Noëlla alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo. Nilisimama nje ya mlango, nje kabisa, ng'ambo ya kamba, nikasema, "Docteur, mwili unasema. Unasema tangu wiki tano."

Nikamwambia na habari ya mfuniko. Maji yakaendelea kudondoka kwenye vidole vyake. Nilitegemea anipigie kelele, na ningeshukuru.

"Kwa nini, Papa Kambale? Weye unapendaka nyumbani kupita kuku."

"Nyumbani kumejaa, Docteur."

Aliingia ofisini akarudi na vichupa vitatu, akaviweka chini kati yetu, akasogea nyuma. "Makohozi. Asubuhi, asubuhi, asubuhi. Unapeleka ku kituo cha afya. Mbele ya hiyo, unamupigia Chantal. Hapa, nasikia."

Nilimpigia. Chantal alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Na mimi nilikuwa nakuombea weye, eti utateseka na Madame peke yako." Akakata simu. Nimechomwa sindano nyingi kwa makosa katika kazi hii, lakini ile ndiyo iliyoingia.

Siku ya tatu niliruhusiwa kusimama ng'ambo ya kamba tu, na kashne mbili. Docteur Noëlla alimwendea Madame na tochi, jua likiwa tayari juu ya mawe. Alichutama. Alikaa pale muda wa kutosha kuchemsha chai. Halafu akaniita kwa mkono, nisogee mpaka penye mstari.

Jicho lilikuwa wazi. Kope limelala bapa, jepesi kama kabla ya sindano. Na kwenye vidole Madame alishika kijiti cha nyasi, akawa analichokoa lilelile kope, kwa uangalifu, kama mutu anayetoa kibanzi.

"Ule uvimbe wa jana ni yeye mwenyewe," Docteur akasema. "Alijikwaruza. Kipimo ni kizuri. Na kile kivuli cha picha, nilikilinganisha na ile ya mwaka uliopita. Kiko palepale, sawasawa. Ni kovu ya zamani."

Nilikaa chini juu ya mawe ya volkano, ambayo si kiti. Majibu yangu yalitoka siku chache baadaye: hakuna kifua kikuu. Muuguzi alisema ni moshi na ukaidi, akanipa dawa ya moshi.

Lakini kikohozi cha Madame kilikuwa bado hakijapata sababu, na hilo ndilo lililomsumbua Docteur. Aliandika kila kikohozi, siku na saa, pamoja na vile alivyosikia Chantal tangu mwanzo. Baada ya wiki mbili nilipokubaliwa kuingia tena, alinifungulia kaye yake na kuweka kidole. "Soma hapa."

Nikasoma. Dimanche, siku yangu ya kupumzika: hakuna. Dimanche nyingine: hakuna. Na zile siku zote nilizokaa nyumbani nikingoja majibu: mara moja, asubuhi, moto ilipopita nje na abiria mwenye kofia kama yangu.

"Kikohozi ya Madame iko na kalenda," Docteur Noëlla akasema.

Hakumjua Muzee Bahati. Sikuwahi kumweleza mutu yeyote neno lile la kalenda. Ilibidi nigeuke kidogo nitazame mboga.

Tulijaribu. Nilijificha nyuma ya stoo, Docteur akasimama na Chantal kwenye wavu. Kimya. Nikatokeza bila kofia wala kitu mkononi. Kimya, ila macho. Nikavaa kofia yangu, nikatoa termosi. Madame akaweka mkono mbele ya mdomo, akakohoa mara tatu, kikohozi kizito cha muzee wa Majengo, halafu akatoa kiganja nje ya wavu kungoja asali.

Chantal alikuwa hajasema nami tangu arudi kazini. Alimtazama Madame, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika nguzo. "Docteur," akasema, "huyu si mugonjwa. Huyu amesoma kwa Papa Kambale."

Nilisafisha ndoo za uji badala yake mwezi mzima. Hakuna aliyeniamuru. Chantal alikuwa anapita tu na kuonyesha kwa kidole pale nilipoacha.

Nilistaafu miezi michache baadaye. Ndugu zetu wamepata nyumba upande mwingine wa mtaa, na baba mkwe alinirudishia kiti na mguu wake ameufunga upya, vizuri kuliko nilivyokuwa nimeufunga mimi. Kiti changu kimetulia, na mimi juu yake.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwasalimu. Ilikuwa lundi, na mvua ilikuwa inanyesha. Nilibeba karanga za Madame ndani ya nailoni. Siku hizi anayesimama mlangoni ni Chantal. Aliniona ninashuka kwenye moto, akaweka mikono kiunoni.

"Mwili unasema nini, Papa Kambale?"

Koo lilikuwa linawasha tangu jana yake. Nilitazama ile njia ya mawe inayoelekea kwa Madame.

"Unasema kidogo," nikajibu.

"Kidogo ya ukweli, ao kidogo ya mvua?"

"Ya ukweli."

Akanyoosha mkono juu ya kamba, akamimina karanga kwenye aproni yake, akanirudishia nailoni. "Basi geuka. Nitamupatia."

Nikageuka. Yule wa moto alikuwa hajaondoka bado. Nikiwa napanda nilimsikia Madame akikohoa kule nyuma ya stoo, mara tatu, kizito, bila shaka ameiona kofia. Sikugeuka. Niliweka nailoni juu ya kofia kwa ajili ya mvua, nikamwambia dereva Majengo, taratibu, hakuna anayenifukuza.